Rosa Tunamchanganua, Jirani Tunamwambia Ajikaze

Kila mhadhiri wa fasihi ya Kiswahili, awe Dar es Salaam, Nairobi au huku Ulaya, anaijua tasnifu ya aina hii. Mwanafunzi huteua riwaya, huteua nadharia ya saikolojia changanuzi, kisha huonyesha kwamba mhusika mkuu anatenda mambo asiyoyaelewa mwenyewe kwa sababu ya jeraha alilolipata utotoni. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, imetumika sana kwa kazi hiyo, wala si ajabu. Rosa anapigwa na baba yake, Zakaria, kwa sababu ya barua ya mvulana. Anakua akiwaogopa wanaume. Akifika mbali na nyumbani, hofu ile ile inageuka kuwa fujo: anajitupa kwa wanaume, mmoja baada ya mwingine, na hatimaye anajiua. Mwanafunzi hueleza kwa ufasaha jinsi kipigo cha baba kilivyoendelea kumtawala binti hata pale baba asipokuwapo. Sisi wasimamizi husoma, huridhika, na kumpa alama nzuri.

Kisha tunafunga ofisi na kukutana na watu. Yupo jirani ambaye halali usiku. Yupo binamu ambaye kila mchumba anayempata humfukuza mwenyewe kabla hajafukuzwa. Yupo kijana ambaye kila akikaribia mtihani huugua tumbo, hata kama amejiandaa vya kutosha. Hao tunawaambia nini? Wajikaze. Waombe dua. Waoe, waolewe, waache kuwaza sana. Tukisikia mmoja wao anakwenda kuketi na mtaalamu kila juma ili azungumze juu ya maisha yake, tunacheka: hayo ni mambo ya Wazungu, watu wenye pesa na muda wa kupoteza.

Nataka kuupinga msimamo huu bila kumung'unya maneno. Mhusika wa karatasi tumemkubalia nafsi yenye kina, siri na historia. Mtu wa damu na nyama tumemnyima. Hoja yangu ni kwamba tiba ya mazungumzo ya saikodinamia inawasaidia kweli watu wenye mateso ya hisia. Kwamba inatuhusu sisi kama inavyomhusu binadamu mwingine yeyote. Na kwamba anayeikataa kwa jina la Uafrika anarudia, pengine bila kujua, neno lililosemwa kwanza na mkoloni. Naandika haya nikiwa Brussels, mji ambamo suala hili limetoka darasani zamani na kuingia katika maisha ya watu wetu.

Kwanza tuielewe tiba yenyewe. Saikodinamia ni mazungumzo yenye utaratibu maalumu. Mtu hukutana na mtaalamu yule yule, mahali pale pale, saa ile ile, mara moja au zaidi kwa juma, kwa miezi na wakati mwingine kwa miaka. Kikao huchukua kama dakika 50. Mtaalamu hatoi mawaidha wala hukumu. Anasikiliza yale yanayosemwa, na pia yale yanayorukwa, yanayosahaulika na yanayorudiwa. Msingi wake, uliowekwa Vienna na Sigmund Freud kisha ukarekebishwa sana na waliomfuata, ni kwamba sehemu kubwa ya nafsi haijijui. Maumivu ambayo mtoto hakuweza kuyabeba hayafi. Hufukiwa, na huko yalikofukiwa huendelea kuamuru: nani tumpende, nani tumwogope, lini tukiharibu kile tulichokijenga kwa mikono yetu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Tiba hii huongeza kwamba mara nyingi nguo yenyewe ulivikwa ukiwa mdogo mno kukumbuka.

Chombo kikuu cha kazi hii ni uhusiano wa watu wawili hao. Anayetibiwa huingia chumbani na namna yake ya kuishi na watu. Aliyelelewa na baba mkali atamwona mtaalamu kuwa mkali hata pale alipokaa kimya tu. Aliyeachwa na mama atakasirika mtaalamu akienda likizo, au hatakasirika kabisa, bali atasahau tu kuja kwenye kikao kinachofuata. Hali hii huitwa uhamisho wa hisia, na hapo ndipo penye kazi. Hasira ya zamani inatokea mbele ya mtu ambaye halipizi kisasi, hakimbii, wala haombi radhi haraka haraka ili yaishe, bali anauliza: hasira hii hasa ni ya nani? Jambo likieleweka namna hiyo, kwa kupitiwa upya na si kwa kuelezwa tu, hupungukiwa na nguvu ya kumwendesha mtu. Zakaria wa Rosa hakuwa tena chumbani, lakini hapakuwa na mtu wa kumsaidia Rosa kuliona hilo.

Sasa tuitazame kauli ya "mambo ya Wazungu" na tuulize imetoka wapi. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha daktari J. C. Carothers kuhusu akili ya Mwafrika katika afya na katika maradhi. Carothers alikuwa ameisimamia Hospitali ya Mathari, Nairobi, kwa zaidi ya miaka kumi. Alishikilia kwamba Mwafrika huitumia kidogo sehemu ya mbele ya ubongo, akamfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyepasuliwa na kukatwa sehemu hiyo. Sonona, alidai, ni nadra kwa Waafrika. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ya Kenya ilichapisha kijitabu chake kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Humo uasi wa watu walionyang'anywa ardhi ulielezwa kama msukosuko wa akili zao. Frantz Fanon, aliyekuwa daktari wa magonjwa ya akili huko Blida, Algeria, kuanzia mwaka 1953, alimjibu Carothers katika kitabu chake cha mwaka 1961. Kitabu hicho hicho kina visa vya wagonjwa walioharibiwa nafsi na vita vya ukoloni, na miongoni mwao yumo polisi wa Kifaransa aliyekuwa akitesa watu kazini, kisha nyumbani akawageuzia mateso hayo mkewe na watoto wake.

Linganisha basi. Carothers alisema Mwafrika hana undani wa kuumia. Mzee wetu wa baraza anasema Mwafrika hana haja ya kuuzungumzia undani wake. Mmoja alisema kwa dharau, mwingine anasema kwa fahari, lakini wote wawili wanamwacha mgonjwa pale pale, peke yake, na ugonjwa usio na jina. Fahari isiyojali mgonjwa amepona au hakupona haiwezi kuitwa ukombozi wa fikra.

Tena lugha yetu inawakana wote wawili. Kiswahili kina simanzi, majonzi, kihoro, jakamoyo, sononeko, dukuduku, kinyongo, fundo la moyo. Lugha haizai maneno mengi hivyo kwa kitu ambacho wasemaji wake hawakijui. Husemwa moyo wa mtu ni msitu. Husemwa pia mficha maradhi kifo humuumbua. Na katika pwani yetu, kwenye ngoma za kupunga pepo, fundi humwita pepo apande kichwani, amuulize jina lake, alikotoka na anachodai. Pepo hujibu kwa kinywa cha mgonjwa, na mara nyingi husema ambayo mgonjwa mwenyewe asingethubutu kuyatamka mbele ya mume au wakwe. Sidai kwamba fundi wa pepo ni Freud aliyevaa kanzu. Fundi humtambua anayesema kuwa mgeni aliyeingia, akapatana naye. Mtaalamu wa saikodinamia humsaidia mtu kutambua kwamba anayesema ni yeye mwenyewe. Tofauti hiyo ni kubwa. Ila tusiseme kwamba wazo la sauti iliyofichika ndani ya mtu, inayougua mpaka isikilizwe, lililetwa kwa meli kutoka Ulaya.

Atakuja msomaji mwenye mashaka aniulize: sawa, lakini inaponya? Swali ni halali, na kwa miaka mingi wafuasi wa Freud walilikwepa kwa kiburi. Leo lina majibu. Kliniki ya Tavistock ya London ilifanya utafiti, ukachapishwa mwaka 2015, kwa watu 129 waliokuwa na sonona sugu, watu ambao tiba nyingine zilikuwa zimekwisha kushindwa kuwaponya. Kundi moja lilipewa tiba ya aina hii kwa miezi 18 pamoja na matibabu ya kawaida. Kundi la pili lilipewa matibabu ya kawaida peke yake. Tiba ilipomalizika, tofauti kati ya makundi haya haikuwa kubwa. Miaka miwili baadaye, asilimia 44 ya kundi la kwanza hawakuwa tena na sonona kuu, dhidi ya asilimia 10 ya kundi la pili. Msomaji aitazame hesabu hiyo kwa makini: faida iliendelea kukua baada ya vikao kukoma. Mwanasaikolojia wa Kimarekani Jonathan Shedler alikuwa ameonyesha mwelekeo huo huo mwaka 2010 alipokusanya tafiti za wengi. Aliyejifunza kujisikiliza haachi ujuzi huo mlangoni mwa kliniki.

"Hao ni watu wa London," utaniambia. Basi twende Masaka na Rakai. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika vijiji 30 vya wilaya hizo za Uganda. Watafiti walianza kwa kuwauliza wanakijiji wenyewe huzuni inayougua inaitwaje, wakapewa maneno mawili ya Kiganda, yo'kwekyawa na okwekubazida. Kisha watu wa eneo hilo hilo, wasio madaktari, walifunzwa kuongoza makundi ya mazungumzo kwa majuma 16. Tiba iliyotumika huitwa tiba ya mahusiano. Si saikodinamia yenyewe, lakini imetoka katika ukoo huo, nayo huulizia msiba, ugomvi, upweke na mabadiliko ya maisha. Mwishoni, waliobaki na dalili za sonona kuu katika vijiji vilivyopata tiba walikuwa asilimia 6.5. Katika vijiji visivyopata walikuwa asilimia 54.7. Wakulima wa Rakai hawakuwa na makochi ya Vienna. Walikuwa na maneno yao, mtu wa kuwasikiliza, na siku maalumu katika juma. Waliopona walipona kwa kusema.

Nirudi sasa Brussels. Karibu na Porte de Namur, katika Ixelles, upo mtaa wa Matonge, uliopewa jina la mtaa wa Kinshasa. Kando yake, tangu tarehe 30 Juni 2018, upo uwanja wenye jina la Patrice Lumumba. Hapo Kilingala ndicho kinachovuma, lakini ukitega sikio utasikia Kiswahili cha Bukavu, cha Goma, cha Lubumbashi, cha Bujumbura, na mara moja moja hata cha Mombasa. Wengi wa wasemaji hao walifika wakiwa wamekimbia. Na hata waliotulia hapa hawakuachwa na vita: Goma ilipotwaliwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025, kisha Bukavu mwezi uliofuata, watu walikesha na simu mikononi wakisubiri sauti ya mama, na asubuhi wakapanda tramu kwenda kazini kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mji huu una vyumba vingi ambamo mgeni hutakiwa aseme. Anayeomba hifadhi husimulia yaliyomsibu katika ofisi ya uhamiaji, kisha kwa wakala unaoamua nani ni mkimbizi, kisha kwa wakili. Akikataliwa, husimulia tena mbele ya baraza la rufaa. Katika vyumba vyote hivyo neno lake ni ushahidi. Tarehe zioane, majina ya vijiji yaoane, idadi ya askari walioingia nyumbani isibadilike. Lakini kumbukumbu ya jambo la kutisha haikai kwa mpangilio wa faili. Hurudi kwa vipande: harufu ya mafuta ya taa, mlio wa mlango, rangi ya shati. Mahali penye maumivu makali kuliko pote ndipo mara nyingi pasipo na maneno kabisa. Basi mwenye jeraha kubwa ndiye anayeweza kuonekana mwongo kuliko wote. Nisieleweke vibaya: serikali ina haki ya kuuliza. Ninachosema ni kwamba mtu huyu amesema mara nyingi bila kusikilizwa hata mara moja, kwa maana ya kusikilizwa ninayoitetea hapa. Chumba cha tiba ndicho pekee ambamo kujipinga si uwongo, kunyamaza si kosa, na hakuna kitakachoamuliwa kutokana na jibu.

Wanaosema kwamba muda pekee hutibu nawaomba watazame kesi moja ya mji huu. Tarehe 2 Desemba 2024, Mahakama ya Rufaa ya Brussels iliamua kwamba taifa la Ubelgiji lilitenda uhalifu dhidi ya ubinadamu. Waliofungua kesi walikuwa wanawake watano wenye umri wa zaidi ya miaka 70, waliozaliwa Kongo kati ya mwaka 1946 na 1950, mama Mwafrika na baba Mzungu. Kabla hawajafikisha miaka saba walichukuliwa kutoka kwa mama zao kwa amri ya utawala wa kikoloni, wakapelekwa mbali, katika misheni ya Katende huko Kasai, kwa sababu tu ya rangi ya ngozi yao. Waziri Mkuu Charles Michel alikuwa ameomba radhi bungeni mwezi Aprili 2019. Wanawake hao walifungua kesi mwaka 2020, wakashindwa mwaka 2021, wakakata rufaa, wakashinda. Mahakama iliamuru kila mmoja alipwe euro 50,000. Hesabu miaka: tangu walipochukuliwa hadi hukumu ni zaidi ya miaka 70. Walikuwa wamelea watoto, wamezeeka, wamepata wajukuu, na bado kitendo kile kilidai kutajwa kwa jina lake. Mahakama ililitaja. Sifanyi haki na tiba kuwa kitu kimoja, wala simtaki mtu aliyedhulumiwa atulizwe kwa mazungumzo badala ya kulipwa haki yake. Lakini hukumu humwambia mtu kilichofanywa na taifa. Haiwezi kumwambia kwa nini yeye mwenyewe, miaka 50 baadaye, alishindwa kumkumbatia binti yake. Kwa hilo anahitaji chumba kingine.

Hapa ndipo tunapofika kwenye lugha, na wasomaji wa makala haya ndio wenye jukumu. Nimewahi kufanya ukalimani kati ya wasemaji wa Kiswahili na matabibu. Siri za waliozungumza si zangu kuzitoa. Maneno ni ya lugha, na hayo naweza kuyajadili. Msemaji wa Kiswahili husema "niko na mawazo" au "nina mawazo mengi." Mkalimani akitafsiri neno kwa neno, daktari wa Brussels husikia kwamba mtu huyu anafikiri sana, naye hujiuliza kuna ubaya gani. Kumbe msemaji ametaja ugonjwa: kukosa usingizi, kukosa hamu ya kula, kuzunguka katika jambo moja usiku kucha mpaka mwili unachoka. Msemaji mwingine husema "moyo unaniuma," akapelekwa kupimwa mapigo ya moyo, akarudi na karatasi inayoonyesha kwamba ni mzima. Wa tatu husema "nimerogwa," na neno hilo huandikwa katika faili kama imani ya kishirikina, bila ya mtu kumuuliza swali ambalo kila mtoto wa Kiswahili angeuliza kwanza: unafikiri kakuroga nani? Katika jibu la swali hilo mna ukoo mzima, mirathi, wivu wa ndugu, na mama wa kambo.

Historia ya tiba hii yenyewe inaonyesha kwamba lugha ndiyo uwanja wa mapambano. Mgonjwa aliyeipa jina la tiba ya kusema alikuwa Bertha Pappenheim, binti wa Vienna aliyetibiwa na daktari Josef Breuer kati ya mwaka 1880 na 1882. Kisa chake kilichapishwa mwaka 1895 kwa jina la kupanga, Anna O. Katika ugonjwa wake alipotewa na Kijerumani, lugha ya mama, akawa anasema Kiingereza tu, na ni kwa Kiingereza hicho alichokimbilia ndipo alipoipa tiba jina lake. Lugha ya kigeni inaweza kuwa ngao. Mkimbizi anaweza kusimulia kwa Kifaransa safi jinsi nduguye alivyouawa bila jicho kulowa, kwa sababu kwa Kifaransa hakuwahi kulia wala kubembelezwa. Siku atakapolisema jambo hilo kwa Kiswahili ndipo litakapokuwa limetokea. Wakati mwingine kinyume chake ndicho kweli: yapo mambo, hasa ya aibu ya mwili, ambayo mtu huweza kuyatamka mara ya kwanza katika lugha isiyo ya mama yake. Mtaalamu mzuri huziacha lugha zote mbili mlangoni wazi na kuangalia mgonjwa anaingia na ipi, lini. Lakini ili Kiswahili kiwe mlango, lazima kuwe na mtu ndani anayekielewa.

Zipo pingamizi ambazo nazichukulia kwa uzito. La kwanza ni pesa na muda. Ni kweli, tiba ndefu ni ghali. Ubelgiji, tangu mwaka 2021, bima ya afya hugharimia wanasaikolojia wa ngazi ya kwanza, na mgonjwa kwa kawaida hulipa euro 11 kwa kikao, au euro 4 akiwa na kipato cha chini. Nausifu mpango huo. Hata hivyo umepangwa kwa vikao vichache kwa mwaka, na mtu aliyekaa kimya miaka 20 hamalizi kufungua kinywa katika vikao vichache, hasa akisema kupitia kwa mkalimani, ambapo dakika 50 hubaki 25. Ghali zaidi, kwa maoni yangu, ni kutotibu: vidonge visivyokoma, ajira zinazopotea, ndoa zinazovunjika, na watoto wanaorithi ukimya wasioujua chanzo chake.

Pingamizi la pili ni dini. Nimesikia kwa maimamu na kwa wachungaji kwamba mwenye imani hahitaji mtaalamu. Sioni ugomvi hapa. Dua humwelekea Mungu. Kitubio huuliza umetenda nini. Tiba huuliza umetendwa nini, na nini unaendelea kujitenda bila kujua. Mtu anaweza kuswali sala tano na bado akahitaji kuelewa kwa nini anamchapa mwanawe kwa mkanda ule ule aliochapwa nao yeye.

La tatu ni kwamba tiba hii si ya kila mtu, na hilo nalikubali kabisa. Aliyepoteza uhusiano na uhalisia, au anayekaribia kujidhuru, anahitaji daktari na mara nyingi dawa, leo hii, kabla ya mazungumzo marefu. Zipo tiba nyingine za mazungumzo, fupi zaidi, ambazo nazo zimethibitishwa. Wapo pia wataalamu wabovu. Haya ni sababu za kuchagua vizuri. Hayampi mtu yeyote ruhusa ya kumwambia mgonjwa wa Kiafrika kwamba duka zima si lake.

Basi nini kifanyike? Kwa Brussels nasema hivi: wakalimani wa Kiswahili wafunzwe kwa ajili ya chumba cha tiba, na mkalimani aliyeanza na mgonjwa amalize naye, kwa maana uhusiano haujengwi na sura mpya kila juma. Sheria ya Julai 2016 iliifunga tiba ya saikolojia kwa madaktari na wataalamu wa kliniki wenye shahada zinazotambuliwa hapa. Kumlinda mgonjwa dhidi ya matapeli ni jambo jema. Lakini mwanasaikolojia aliyesomea Bukavu au Bujumbura, anayeijua lugha na anaujua msiba, asiachwe asafishe ofisi miaka kumi huku wenzake wakimtafuta mtu wa kuwatafsiria.

Kwa idara zetu za Kiswahili nasema kwa ukali zaidi, maana ni nyumbani. Tunazo tasnifu kwenye rafu kuhusu nafsi za wahusika, lakini hatujawapa wauguzi wa Mathari, wa Muhimbili au wa Panzi orodha moja iliyokubaliwa ya maneno ya maumivu ya moyo kama yanavyosemwa kweli kutoka Unguja hadi Bukavu. Kazi hiyo haimhitaji Freud. Inahitaji wataalamu wa lugha wakae na matabibu, wasikilize, waandike. Inahitaji pia mwanafunzi anayemchanganua Rosa aulizwe, siku ya kujitetea, swali moja la ziada: je, unamjua mtu aliye kama yeye, na angepelekwa wapi?

Swali hilo si la kukomoana. Sheria tulizorithi kutoka kwa Mwingereza zilikuwa na jibu lake: mtu aliyejaribu kujiua, akanusurika, alipaswa kushtakiwa. Nchini Kenya, kifungu hicho cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilidumu mpaka Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kinakiuka Katiba. Kwa zaidi ya nusu karne baada ya Rosa Mistika kutoka, Rosa wa Kenya ambaye angenusurika angekutana kwanza na polisi. Sasa, kwa sheria, hana kesi ya kujibu. Bado hana wa kumsikiliza.